Mgeni Aliyesifu Mkeka

Neiafu, Vava'u
Jumatatu, 12 Mei 1986

Shangazi Lesieli,

Shikamoo. Mimi ni mzima, natumaini wewe na Mzee Sateki hamjambo huko Ha'ano na mgongo wako umetulia. Hapa nyumbani wote wapo. Goti la baba bado linamsumbua, ila hataki liongelewe. Mama anakusalimu sana. Baba naye anakusalimu kwa njia yake: ameniona naandika, akaniuliza meli ya Ha'apai inaondoka lini. Nikamwambia Alhamisi. Akasema, "Haya." Basi salamu yake ndiyo hiyo. Ile redio uliyomchukulia Krismasi hajanunua nyingine. Anasema siku hizi hapendi kelele.

Nimepata kazi. Kuna wazungu wawili hapa bandarini, mtu na mkewe, Bwana Henrik na Mama Grete, Wadenmark. Wana mashua ya matanga yenye mlingoti mmoja, nayo imewaleta kutoka upande wa pili wa dunia. Sasa wanataka kushuka hadi Nuku'alofa, lakini wanaiogopa miamba ya Ha'apai, na siwalaumu. Wananilipa niwaonyeshe njia. Tutapita kwako mwisho wa mwezi huu. Usijisumbue kwa lolote.

Sasa jambo lenyewe. Shangazi, naoa. Binti anaitwa Ilaisaane, mama yake ndiye kiongozi wa wasukaji mikeka wa kijiji chao. Harusi ni Jumamosi, tarehe 13 Septemba. Kwao mikeka imejaa hadi chini ya vitanda. Mama mkwe ameniuliza mara mbili, "Na kwenu utafungwa mkeka gani?" Nikamjibu, "Wa Bibi Sisilia." Anaujua, kila mtu Vava'u anaujua. Baba alifungwa huo siku ya harusi yake, na babu kabla yake.

Kwa hiyo nakuomba uutoe sandukuni kwako, uje nao, unifunge kiunoni kwa mikono yako. Bila wewe sina harusi, na bila mkeka huo nitaonekana mtu aliyeokotwa ufukweni.

Mwanao,
Maka


Ha'ano, Ha'apai
Jumatatu, 2 Juni 1986

Mwanangu Maka,

Marahaba. Sisi wazima. Mgongo unauma asubuhi, mchana unasahau. Mzee Sateki amepanda viazi vikuu vingi kuliko tunavyoweza kula, na bado anatazama shamba la jirani. Mwambie mama yako asante kwa salamu. Baba yako mwambie meli ilifika.

Ila ilifika imechelewa. Barua yako nimeipata Jumatano, siku mbili baada ya nyinyi kung'oa nanga. Kwa hiyo ulipotokea Jumamosi ile na wazungu wako nilikuwa sina habari hata moja. Nilikuwa nimevaa gauni la kufulia, nguruwe mkubwa tulishampeleka msibani wiki iliyotangulia, na ndani ya nyumba nina samaki wanne. Wewe unapiga kelele kutoka kwenye maji, "Shangazi, nimekuletea wageni!" Nilitamani kukurushia jiwe.

Lakini watu hawakulala njaa, nadhani umeona. Majirani walileta magimbi, wengine pweza, Sateki akamkamata yule nguruwe mdogo aliyekuwa anamtunzia Krismasi. Jumapili tulifukia chakula kwenye mawe ya moto kabla ya kanisa kama kawaida, na tuliporudi kilikuwa kimeiva. Bwana Henrik alikula majani ya magimbi kwa tui hadi nikamwogopa. Nimesikia alitaka kuondoka Jumapili hiyohiyo kwa sababu upepo ulikuwa mzuri, na wewe ukamkatalia. Ulifanya vyema. Mtu aliyekula kwetu akamatwe na polisi kwa kusafiri Jumapili, aibu ingekuwa ya nani?

Wewe siku nzima ulikuwa na wanaume mkinywa kava, kwa hiyo hatukuongea. Mimi nilibaki ndani na Mama Grete. Ni mwanamke mwema. Anasifu. Amesifu sufuria yangu, amesifu pazia, amesifu kuku aliyekuwa anapita mlangoni. Nani amemfundisha kusifu namna ile? Kuku nilimpa, umemwona. Pazia nilimpa pia.

Ilaisaane nimefurahi kumsikia. Mama yake namkumbuka, tulisuka pamoja kwenye mkutano wa wanawake wa kanisa mwaka ule. Ana mikono myepesi na ulimi mzito. Septemba bado ni mbali. Mengine uliyoandika tutayaongea.

Shangazi yako,
Lesieli


Nuku'alofa
Jumamosi, 21 Juni 1986

Shangazi,

Shikamoo. Tumefika salama Jumatano. Usukani wa mashua umepasuka, fundi anasema ni kazi ya wiki sita, kwa hiyo tutakuwa hapa hadi Agosti. Bwana Henrik ameniomba nibaki nao nimsaidie kupaka rangi. Nimekubali kwa sababu ya harusi.

Pole sana kwa barua kuchelewa. Ulipokaa kimya siku ile kuhusu harusi nilidhani umeshaisoma na unangoja nafasi nzuri. Nikaona nisikuharakishe mbele ya wageni.

Safari ilikuwa nzuri. Kutoka kwako tulikwenda kisiwa hadi kisiwa, mimi nimesimama mbele juu ya mlingoti nikitazama rangi ya maji, Bwana Henrik nyuma kwenye usukani akigeuza ninaponyoosha mkono. Maji ya bluu nzito tunapita, ya kijani tunapunguza tanga, ya kahawia tunarudi. Kila tulipotia nanga watu walituita pwani. Kisiwa cha kwanza vikapu vitatu vya viazi vikuu. Cha pili mashelisheli, ndizi, na wimbo wa watoto wa shule nzima. Cha tatu Mama Grete alisifu kisu cha mzee mmoja, akapewa. Akasifu kitoto cha nguruwe, akapewa. Kwa hiyo tulivuka hadi Nuku'alofa na kuku wako na nguruwe kwenye mashua ya wazungu, na Bwana Henrik akawa anafagia mavi yao kila asubuhi huku anaongea peke yake kwa lugha ya kwao. Nilicheka hadi mbavu zikauma. Baadaye nikamwomba mama yule aache kusifu vitu vya watu. Akashangaa sana. Akaniuliza, "Kwani nimewaudhi?" Nikamwambia hapana, wewe kula tu.

Shangazi, jambo moja. Tulipotulia bandarini hapa Mama Grete alifungua mizigo yake ndani. Kwenye kitanda chake ametandika mkeka. Ni wa zamani, umelainika kama kitambaa, rangi ya chai, una manyoya mekundu ukingoni na kona moja imeshonwa kwa uzi mweusi. Sikumuuliza ameutoa wapi. Nafikiri mikeka ya namna hiyo ni mingi.

Mkeka wetu umeuanika mwaka huu? Nilisahau kukuuliza.

Mwanao,
Maka


Ha'ano
Jumamosi, 19 Julai 1986

Mwanangu Maka,

Marahaba. Meli iliharibika injini, ndiyo maana jibu limekawia. Sateki ameanza kuchimba viazi. Nyangumi wamekuja, wawili walikuwa wanapumua karibu kabisa na mwamba, mama na mtoto, usingizi ukatuishia. Binti wa mchungaji amejifungua mapacha. Wamepewa majina marefu yasiyo na maana.

Kuhusu kitanda cha Mama Grete, ni kweli kama ulivyosema. Mikeka ya namna hiyo ni mingi.

Kuhusu Septemba, Maka, sidhani nitaweza. Mgongo haunipi ruhusa kukaa siku mbili melini. Na viazi vya Sateki lazima viuzwe Pangai, yeye peke yake atavigawa bure njiani. Mwombeni binamu ya baba yako, yule wa Leimatu'a. Yeye naye ni wa damu. Anafunga vizuri, na ana mikeka yake mwenyewe.

Msalimu Ilaisaane. Mwambie namtakia heri.

Lesieli


Nuku'alofa
Jumatatu, 11 Agosti 1986

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma mara nyingi, na kila nikifika kwenye neno "binamu" naikunja. Nilimwandikia baba. Amejibu mistari miwili: "Kama dada yangu haji, ana sababu. Mimi siwezi kumuuliza, wewe ndiye mtoto." Unajua mwenyewe jinsi mlivyo nyinyi wawili, kaka na dada kwa desturi yetu hamkai hata chumba kimoja. Sasa kila mtu ananyamaza kwa heshima na mimi ndiye ninayeoa.

Basi naanza mimi, nimechoka kuzungukazunguka. Ule mkeka ni wa Bibi Sisilia. Nilijua siku ya kwanza. Hiyo kona nyeusi niliichezea nikiwa mtoto, ukanichapa.

Na aliyemfundisha Mama Grete kusifu ni mimi. Siku tunatoka Neiafu aliniuliza afanye nini ili watu wa visiwani wampende, kwa sababu hajui lugha na anaona haya. Nikamjibu, "Sifu. Sifu chakula, sifu nyumba, sifu chochote utakachokiona, watu wetu hupenda." Mimi, mtoto wa Kitonga, niliyezaliwa na kukua hapa! Nilikuwa nafikiria chakula. Mtu akisifu kiazi unamwongezea kiazi, yameisha. Sikukumbuka kabisa kwamba mtu akisifu kitu cha ndani, huwezi kukirudisha mahali pake. Nimekuwa najilaumu tangu Juni na sikuwa na uso wa kukuambia.

Nilijaribu kurekebisha. Wiki mbili nzima nilimsifia mkeka ule. Asubuhi nikileta maji nasema, "Mama Grete, mkeka huo ni mzuri." Anasema, "Asante, Maka." Jioni nasema, "Sijawahi kuona mkeka mzuri kama huo." Anasema, "Hata mimi!" na kunimiminia kahawa. Siku moja niliusifu mbele ya Bwana Henrik kwa muda mrefu mpaka akaniuliza kama naumwa. Hawa watu unaweza kuwasifia nyumba nzima na wasikupe hata kijiko. Si uchoyo, hawasikii tu.

Wameondoka Jumamosi, kwenda Fiji. Kabla ya kuondoka Mama Grete alinishika mikono, analia. Akasema, "Maka, wewe umekuwa kama mtoto wetu. Humu ndani chagua kitu chochote unachokipenda, ni chako. Chochote kile." Na Bwana Henrik akatikisa kichwa kukubali.

Nilikuwa nimesimama kando ya kitanda chake. Mkeka upo pale, nikinyoosha mkono naugusa.

Akasema tena, "Usione haya. Shangazi yako alinipa huu bila hata kufikiri. Alisema mgeni wa Maka hawezi kutoka nyumbani kwake na pazia tu. Nimewaandikia ndugu zangu wote habari zake."

Nikamwambia nataka darubini.

Ninayo hapa mezani. Ni nzito, ya jeshi. Nadhani ungefanya vilevile, ndiyo maana sikuweza kuchagua kitu kingine. Ningeuchukua, angeona nimeudai, na angejua ulimpa kitu ambacho hukuwa na uwezo wa kukitoa. Ningewaoa Ilaisaane kumi nikiwa na mkeka ule kiunoni na bado nisingekutazama usoni.

Kesho kutwa narudi Neiafu. Mama mkwe ataniuliza mara ya tatu, na sijui nitamjibu nini. Lakini mkeka naweza kuukosa. Wewe siwezi. Shangazi, njoo. Njoo mikono mitupu, njoo na gauni lile la kufulia. Sitaki binamu wa Leimatu'a. Sitaki mtu mwingine anishike kiunoni siku hiyo.

Mwanao,
Maka


Ha'ano
Jumatatu, 25 Agosti 1986

Maka,

Marahaba, mwanangu. Sateki hajambo, mapacha hawajambo, viazi vimeuzwa, vingine amevigawa kama nilivyotabiri.

Barua yako nimeisomea jikoni. Nimelia, halafu nimecheka kwa sababu ya Bwana Henrik kukuuliza kama unaumwa, halafu nimelia tena hadi Sateki akaja kuuliza nani amekufa. Nikamwambia hakuna aliyekufa, ondoka.

Sasa na mimi niseme. Mama yule aliingia chumbani kwangu kubadilisha viatu. Mkeka ulikuwa juu ya kitanda, nilikuwa nimeutoa sandukuni Ijumaa ili uote jua. Akaugusa, akasema kwa yale maneno yake machache, "Mzuri. Mzuri sana." Nikangoja aseme na kitu kingine. Nikamwonyesha mto. Nikamwonyesha picha ya harusi yangu. Akarudi palepale, "Mzuri." Mwanangu, mkono wangu wenyewe ulikunja ule mkeka. Nilikuwa nafikiria wewe umekaa kule nje na wanaume, na watu wa Ha'ano wote wanaangalia Maka ameleta wageni kwa shangazi yake, na shangazi ana samaki wanne. Nilitaka watoke kwangu wakijua wamefika kwa nani.

Halafu Jumatano barua yako ikaja. Niliisoma nimesimama, nikakaa chini.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikisema mgongo. Mgongo hauna kosa lolote. Niliona aibu. Nilifikiri nikija mikono mitupu mbele ya mama yake Ilaisaane watakucheka wewe, si mimi, na nisipokuja watasema tu kuwa mimi ni mzee mkorofi. Hiyo niliona naweza kuibeba. Sikufikiri kwamba wewe ungeumia. Nisamehe hapo.

Nitakuja. Meli inafika Neiafu Jumatano tarehe 10, mwambie baba yako asihangaike kunipokea, atume mtu. Tangu Juni wanawake wa hapa tunasuka mkeka mpya, tunakutana kila siku baada ya chai hadi vidole vinakataa. Majani ya mkadi ni membamba, ya kuanikwa baharini, kazi nzuri. Hautaisha. Nimehesabu kila namna na hautaisha, utabaki robo. Nitakufunga hivyohivyo, nyuzi zinaning'inia hadi magotini kama kuku aliyenyonyolewa nusu. Mama mkwe wako acha atazame vizuri. Ni msukaji, atahesabu mistari na atajua ni mikono mingapi iliyofanya kazi kwa ajili yako na kwa muda gani. Robo iliyobaki nitakaa kwenu wiki mbili, nitaimaliza na Ilaisaane. Nataka kuona anavyoketi kwenye kazi.

Lingine. Katika nyumba ya kaka yangu mimi huchukua nikitakacho, na hakuna wa kunikatalia, si baba yako, si wewe. Nilichukua redio, hamkusema neno. Safari hii nachukua hilo kosa la kumfundisha mgeni kusifu. Ni langu tangu leo. Usimtajie baba yako, usimtajie mke wako, usilitaje hata ukiwa peke yako, kwa sababu si lako tena na hupaswi kulishikashika. Mkeka niligawa mimi, kwa mikono yangu, nikiwa na akili zangu, na sijutii.

Na ile darubini uje nayo bandarini Jumatano, naichukua pia. Siku nyingine ukiniletea wageni nataka niwaone wakiwa bado nyuma ya mwamba, nipate muda wa kukimbiza nguruwe.

Shangazi yako,
Lesieli